Tubu, halafu rudisha

Kuna kauli ambayo ikishatamkwa kanisani mazungumzo hukatika papo hapo: "Hakuna mkamilifu." Mweka hazina wa kwaya amekula fedha za safari ya Pasaka. Wazee wanaitisha kikao, mtu anainamisha kichwa, anasema shetani alimpitia, naye pia ni binadamu. Wazee wanaguna, wanaomba, wanafunga kikao. Fedha zitarudi lini hakuna anayesema. Wanakwaya waliochangia safari hiyo kwa kuuza vitumbua wanaambiwa wasamehe saba mara sabini, na anayeendelea kuuliza anaonekana ana roho ngumu.

Kauli yenyewe ni ya kweli. Biblia haiwapambi mashujaa wake. Daudi alimchukua mke wa Uria, kisha akapanga Uria afie vitani. Petro alimkana Bwana wake mbele ya kijakazi. Paulo na Barnaba waligombana kwa ajili ya Marko mpaka kila mmoja akashika njia yake. Ukiwaondoa waliokosea, habari zote zinabaki na Yesu peke yake. Lakini wasimulizi wale hawakuishia kwenye kosa. Nabii Nathani alimfuata mfalme Daudi hadi kwake na kumwambia kwamba mkosaji ni yeye. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, alitaja hesabu mbele ya watu: nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Hapo ndipo ninapoona Ukristo wa mfano unapoanza. Mtu ameanguka kama wengine, lakini anamwendea aliyemkosea, analitaja kosa lilivyo, na kinachorudishika anakirudisha.

Ukanda wetu una historia yake ya jambo hili, na inasikitisha kwamba vijana wengi wanaoitwa walokole leo hawaijui. Mwaka 1929, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini mashariki mwa Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Nchi aliyoiacha nyuma ilikuwa imepigwa na njaa kali. Huko Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye heshima mjini, na wawili hao wakaketi kusoma Biblia na kuomba pamoja. Daktari Mzungu na Mwafrika, katika zama za ukoloni, walikuwa wakiambiana kwamba wote wawili wana upungufu. Church alirudi Gahini akiwa mtu mwingine.

Hospitali yenyewe haikubadilika siku hiyo. Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa hospitali, hakupendezwa na dini hii ya kuchokonoa mioyo. Alipomtembelea Nsibambi Kampala alijaa malalamiko juu ya hali ya Gahini. Nsibambi alimjibu kwamba shida ianze kutafutwa moyoni mwake mwenyewe. Kinuka aliondoka na jibu hilo, na safari ya kurudi ikatosha kumgeuza. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, naye alikuwa amekwenda Gahini kufundisha. Kigozi alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, kabla ya kuifikisha mwenyewe mbele ya sinodi ya kanisa la Uganda hoja yake kwamba kanisa limelala na linahitaji kuamka. Wenzake waliibeba. Mwaka 1937 timu yao ilihubiri Kabete nchini Kenya, na kabla ya muongo ule kwisha moto wa uamsho ulikuwa umevuka hadi upande wa Tanganyika, magharibi ya Ziwa Victoria.

Watu waliutambua uamsho huo kwa mambo ya mikono na miguu. Watu walirudisha walivyoiba. Walilipa madeni ambayo aliyewakopesha alishayasahau. Wamisionari walisimama mbele ya Waafrika wakakiri kiburi cha rangi yao, na Waafrika wakakiri chuki. Walikutana katika ushirika, wakaimba wimbo wao, Tukutendereza, na kila mmoja akasema yaliyomkuta wiki ile: nani kamkasirikia, wapi kadanganya, nini kinamsumbua. Waliita hivyo kutembea nuruni. Ndugu aliyekaa kimya wiki nyingi aliulizwa kwa upole mambo yake yakoje.

Aliyenifundisha zaidi katika kundi hilo ni Festo Kivengere, mwalimu kutoka Kigezi nchini Uganda, ambaye baadaye alifundisha miaka mingi Dodoma na mwaka 1972 akawa askofu. Alipookoka, mwanzoni mwa miaka ya 1940, alikumbuka kwamba yeye anamchukia kabisa Mwingereza mmoja anayeishi mbali sana. Angeweza kumwombea kimyakimya nyumbani, na hakuna ambaye angemlaumu. Alipanda baiskeli akaenda. Alipofika alimwambia yule Mzungu kwamba alikuwa akimchukia, na kwamba amekuja kuomba msamaha. Wakakumbatiana wakilia. Ninachokipenda hapo ni baiskeli. Toba ile ilikuwa na umbali, jasho na vilima, na ilikuwa na mtu mmoja anayejulikana upande wa pili.

Kisa kingine cha Kivengere ni cha nyumbani, na nadhani ni kigumu kuliko cha kwanza. Alikuwa ametofautiana na mkewe, Mera, naye muda wa kwenda kuhubiri ulikuwa umefika. Alisimulia kwamba aliposali alihisi Roho anamwambia arudi kwanza akapatane na mkewe. Akajitetea kwamba watu wanamngoja. Jibu alilolihisi ni kwamba aende tu akahubiri, Roho atabaki jikoni na Mera. Akarudi jikoni, akaomba radhi, ndipo akaenda. Wahubiri wetu wangapi wana jambo la jikoni ambalo halijamalizika Jumapili asubuhi? Unaweza kuwaliza watu elfu uwanjani, lakini mwenye kujua Ukristo wako ni anayekupikia, unayemlipa mshahara, na mtoto uliyemchapa kwa kosa la mwenzake. Katika jamii zetu baba kumwomba mtoto radhi huhesabiwa kama kujishusha. Ni kweli anajishusha, na Injili haijawahi kuona kasoro katika kushuka kwa namna hiyo.

Tena kushuka huko hakuna siku ya kuhitimu. Februari 1977, utawala wa Idi Amin ulipomuua Askofu Mkuu Janani Luwum, Kivengere na mkewe walikimbia usiku, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Alikuwa askofu anayejulikana duniani, ameokoka kwa takriban miaka 35, na ana kila sababu ya kukasirika. Ijumaa Kuu ya mwaka huohuo, akiwa kanisani London, alitambua kwamba uchungu wake kwa Amin umegeuka chuki, na akatubu. Baadaye alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Wapo waliokasirishwa nalo, nami ninawaelewa. Lakini kitabu hakikufunika hata tone moja la damu ya Luwum, na Kivengere hakuacha kuusema uovu wa utawala ule. Alikataa tu kuufuga moyoni mwake.

Kwa watu wenye madaraka, kipimo cha toba kinakuwa kikubwa zaidi kwa sababu makosa yao yanawaangukia maelfu. Hapa namtaja Mwalimu Nyerere, ambaye Kanisa Katoliki linamwita Mtumishi wa Mungu katika hatua za mwanzo za mchakato wa kumtangaza mwenyeheri. Alihudhuria Misa kwa uaminifu, na hakuondoka Ikulu na utajiri. Serikali yake ilifuta serikali za mitaa mwaka 1972 na kuvunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na wakulima waliumia. Mwaka 1984, angali rais, alisema wazi kwamba kama angeanza upya asingefanya mambo hayo mawili. Wakati anasema hivyo, sheria ya kurejesha ushirika ilikuwa imeshapitishwa mwaka 1982, na serikali za mitaa zilikuwa zinarejeshwa. Ni nadra kumsikia rais akisema hivyo kabla hajastaafu. Wapo wanaokumbuka nyumba zilizobomolewa wakati wa kuhamishiwa vijijini, na kwao orodha ya makosa hayo mawili ni fupi mno. Wana haki ya kulisema hilo, na mchakato wa kanisa uwasikilize nao. Mtakatifu asiyevumilia maswali ya wakulima hatatufaa.

Sasa niseme upande wa pili wa ule uamsho, maana kuuficha kungekuwa kinyume cha kila kilichohubiriwa Gahini. Ushirika ule ulikuwa na majeraha yake. Wapo waliogeuza ushuhuda kuwa mashindano, aliyekuwa mlevi zaidi akasikilizwa zaidi. Wapo waliosimama kukiri uzinzi na kumtaja mwenzao, wakamvua nguo mtu ambaye hakuomba kuvuliwa. Wapo walioona nuru kama kurunzi ya kummulika jirani. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha kanisa cha Mukono baada ya mvutano na uongozi kuhusu ibada zao za alfajiri, na hadi leo wanaopitia habari hiyo huona ukaidi pande zote mbili. Miaka ya 1970 huko Uganda kundi jipya lilijitenga likisema la kwanza limepoa, likaja na masharti makali, pamoja na la kukataa madeni.

Kisha ukaja mwaka 1994. Katika nchi ileile ya Gahini, kwa takriban siku 100, waliuawa watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 800,000 na milioni moja, wengi wao Watutsi, na wengi wa wauaji walikuwa wamebatizwa. Watu walikimbilia makanisa ya Ntarama, Nyamata na Nyarubuye, wakauawa humo humo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani mchungaji Mwadventista Elizaphan Ntakirutimana mwaka 2003, na padre Mkatoliki Athanase Seromba, ambaye rufaa yake mwaka 2008 iliishia kwa kifungo cha maisha. Mkristo wa Maziwa Makuu anayeongelea maisha ya mfano bila kupita Nyarubuye anaongelea kitu chepesi.

Ninalisema hili nikijua pia kwamba katika Rwanda hiyohiyo, Januari 1964, mchungaji Mwanglikana Yona Kanamuzeyi, mtu wa uamsho aliyewahudumia Watutsi waliohamishiwa Nyamata, alichukuliwa na askari usiku akauawa. Nyamata ile ile. Uamsho haukushindwa kuzaa watu wa kweli. Ulichokosa kwa kiasi kikubwa ni kuyaleta nuruni makosa ya jamii nzima kama ulivyoyaleta ya mtu mmoja mmoja. Ndugu alikiri ushirikani kwamba aliiba shuka, lakini mfumo uliomwambia jirani yake ni mende ulibaki gizani. Kanisa kama taasisi lilichelewa. Maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi Novemba 2016 kwa niaba ya waumini walioshiriki, na Machi 2017 Papa Fransisko, akimpokea Rais Kagame Vatikani, akaomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za kanisa na watu wake. Miaka 22 ni mingi kwa mjane anayesali katika kanisa hilohilo.

Nirudi basi kwa wanakwaya wetu. Msamaha wanaohubiriwa ni wao kuutoa, na haulazimishwi na kikao cha wazee. Ukilazimishwa huwa ni dhuluma ya pili. Kuna makosa ambayo hayamalizwi ofisini kwa mchungaji hata kidogo. Aliyemdhuru mtoto apelekwe polisi, na kanisa lisimame upande wa mtoto, hata kama mkosaji ndiye aliyechangia mabati ya jengo. Kumpeleka hakumnyimi rehema ya Mungu. Mnyang'anyi aliyesulubiwa karibu na Yesu aliahidiwa paradiso, na hakushushwa msalabani.

Kwa mweka hazina yapo mambo yanayowezekana wiki hii. Aandike kiasi alichochukua, kwa tarakimu. Asaini mbele ya wazee na wawakilishi wa kwaya jinsi atakavyolipa, hata kama ni kidogo kidogo kila mwezi baada ya mavuno. Aache kushika fedha za watu, na asivuliwe uanachama wala asisengenywe sokoni. Akiwa hana kitu kabisa, mzee mmoja akae naye watafute njia, pengine ya kazi za mikono kanisani. Wanaomjua watamwona kila Jumapili akiimba sauti ya besi safu ya nyuma huku daftari la malipo likisomwa kila robo mwaka, na mwaka ukiisha watajua wenyewe kama alitubu.