Mtoto Aliyenyamaza Jukwaani Hakupoteza Hifdhi Yake

Kila mwaka, Ramadhani inapokaribia, madrasa zetu huwaandaa vijana kwa mashindano ya kuhifadhi Qur'an Tukufu. Tunahesabu juzuu, tunasahihisha makharija, tunawashonea kanzu mpya. Jambo moja aghalabu hatuliandai: moyo wa mtoto atakaposimama mbele ya umati, kipaza sauti na meza ya majaji. Jaji husoma mwanzo wa aya, na mtoto aliyeisoma aya hiyo mara mia nyumbani hufungua kinywa, sauti isitoke. Hushuka akilia, na njiani huambiwa kwamba hakujitayarisha, au imani yake ni haba, au amepatwa na kijicho.

Tunapenda kuwakumbusha wazazi na walimu kwamba mara nyingi hifdhi ipo palepale. Kilichoizuia ni hofu ya jukwaani. Mwili unapohisi hatari humwaga homoni ya adrenalini: moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, kinywa hukauka, pumzi hufupika. Maandalizi hayo yanamfaa mtu anayemkimbia simba. Kwa msomaji wa Qur'an ni mtihani, kwani pumzi fupi haitimizi madda, nayo humlazimisha kusimama pasipostahili waqfu.

Wanaoijua hofu hii kuliko wengi ni wanamuziki, ambao riziki yao hutoka jukwaani. Hatuingii hapa katika mjadala wa wanazuoni kuhusu ala. Tunatazama tu uzoefu wao. Pablo Casals wa Hispania, bingwa wa selo aliyefariki mwaka 1973 akiwa na umri wa miaka 96, alikiri kwamba hofu hiyo haikumwacha maisha yake yote. Umm Kulthum wa Misri, binti wa imamu, aliyejifunza kusoma Qur'an tangu utotoni, alijulikana kwa leso aliyoishika mkononi kila alipoimba, na inasimuliwa kwamba leso ile ilimsaidia kutuliza wasiwasi. Ikiwa magwiji hao waliobobea walitetemeka, kwa nini tumwone mzembe mtoto wa miaka kumi?

Uzoefu huo una onyo pia. Mwaka 1987, katika uchunguzi uliofanywa miongoni mwa wapiga ala wa okestra za Marekani, zaidi ya robo yao walisema wamewahi kutumia dawa za moyo za jamii ya propranololi ili kuzuia kutetemeka, na wengi waliwahi kuzimeza bila kuandikiwa na daktari. Dawa hizo hupunguza mapigo ya moyo, lakini zinaweza kumbana vibaya kifua mwenye pumu. Asitokee mzazi wala mwalimu wa kumpa mtoto kidonge cha jirani ili "atulie".

Njia iliyo salama ni mazoezi ya jukwaa lenyewe. Mtoto asome kwanza mbele ya wazazi, kisha mbele ya darasa, kisha msikitini baada ya swala, hadi macho ya watu yawe jambo la kawaida kwake. Azoezwe kuanzia aya yoyote atakayotajiwa, maana aliyezoea kuanzia mwanzo wa sura pekee hupotea akikatishwa. Afundishwe kuvuta pumzi taratibu na kuitoa kwa muda mrefu zaidi kabla ya isti'adha. Aambiwe mapema kwamba moyo utadunda, na kwamba mdundo huo si dalili ya kushindwa. Na ikiwa hofu inamkosesha usingizi au chakula kwa siku nyingi, apelekwe kwa daktari.

Majaji nao wana sehemu yao. Kumwachia mtoto nafasi ya pumzi mbili kabla ya kumrudia swali hakupunguzi haki ya mashindano.

Wala hofu hii si aibu katika dini yetu. Nabii Musa (A.S.), alipotumwa kwa Firauni, alimwomba Mola wake amkunjulie kifua na amfungulie fundo la ulimi, kama tunavyosoma katika Surat Twaha. Hakukemewa kwa ombi hilo. Alijibiwa, akapewa na nduguye Harun awe msaidizi wake. Naye Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayeisoma Qur'an kwa kukwamakwama na kwa taabu ana malipo mawili.

Basi mtoto aliyeshuka jukwaani bila kumaliza asikutane kwanza na lawama. Maneno ya saa ile ndiyo yatakayoamua kama kesho atarudi madrasa na msahafu wake, au ataanza kutafuta visingizio vya kubaki nyumbani. Tunamwomba Allah awakunjulie vifua watoto wetu, na sisi atupe subira ya kuwalea.