UPINDE WA BABU

Mtoto mmoja wa Mongbwalu alikuta upinde wa zamani darini, jikoni kwa nyanya yake. Ulikuwa mweusi kwa moshi. Babu yake, aliyekwisha kufa, aliutumia alipokuwa kijana. Mchuuzi mmoja akauona, akasema, "Nitaununua, ila ni mchafu." Basi mtoto akachukua mchanga na maji, akausugua toka asubuhi hata adhuhuri, mpaka mti ukawa mweupe. Kesho yake mchuuzi akarudi, akautazama, akacheka. "Hii ni fimbo tu," akasema, akaenda zake.

Mtoto akampelekea mwalimu upinde ule. "Mwalimu, nimekosa nini?"

Mwalimu hakumgombeza. Akajibu, "Mwanangu, umefuta maandishi."

Maandishi gani? Upinde hauna herufi. Lakini mtu mwenye macho mazuri huusoma kama kitabu. Nasi tujifunze kuusoma.

Kwanza tazameni mti. Mahali pa kushikia huwa laini, tena pang'aa, kwa sababu ya jasho la mkono. Kwenye ncha mbili, ugwe unapofungwa, mti hulika kidogo kidogo. Moshi wa jikoni huingia ndani ya nyufa. Hiyo ni kazi ya miaka mingi. Wako wajanja wanaopaka upinde mpya masizi ili uonekane mzee. Lakini masizi yao huwa sawasawa kila mahali, na mahali pa kushikia hapana alama ya mkono.

Pili tazameni ugwe. Wambuti wa msitu wa Ituri hutumia upinde mfupi, na ugwe wake ni ubale wa mmea utambaao wa msituni. Katika mishale yao huweka jani mahali ambapo watu wengine huweka manyoya. Mishale mingine haina chuma: ni mti uliochongwa ncha na kupakwa sumu, wa kupigia kima. Basi ubale na jani hutuonyesha upinde na mishale vilitoka wapi. Je, ugwe ukiwa wa nailoni? Nailoni ilitangazwa duniani mwaka 1938, basi ugwe huo hauwezi kuwa wa kabla ya hapo. Lakini angalieni! Ugwe hukatika na kubadilishwa. Mti waweza kuwa mzee kuliko ugwe wake.

Tatu tazameni chembe cha mshale. Chembe kilichofuliwa na mhunzi kina alama za nyundo, na pande zake mbili hazilingani kabisa. Chembe kilichokatwa katika bati la kiwandani ni chembamba, nacho kina unene mmoja kila mahali.

Labda mtauliza, "Wataalamu hawana kipimo cha umri?" Wanacho. Mti ulio hai hupokea kutoka hewani kaboni ya namna fulani. Mti ukiisha kukatwa, kaboni hiyo hupungua polepole. Baada ya miaka 5,730 hubaki nusu yake. Mwaka 1949 Mmarekani Willard Libby na wenzake walionyesha jinsi ya kuhesabu umri wa vitu kwa njia hiyo. Kipimo hiki chafaa kwa vitu vya kale sana, kama pinde zilizofukuliwa Holmegaard, katika nchi ya Denmark, zenye miaka kama 9,000. Lakini katika miaka 100 kaboni hiyo hupungua kama sehemu moja tu katika mia. Kwa upinde wa babu kipimo hicho hakisaidii sana.

Basi ni nini kitakachosaidia? Ni habari zake. Toka mwaka 1909 hata 1915 Herbert Lang na James Chapin walitembea kaskazini-mashariki ya Kongo. Walikusanya wanyama, na vitu vya kazi ya watu, kwa ajili ya nyumba ya makumbusho ya New York. Vitu hivyo vimetunzwa pamoja na habari zake, na kwa hiyo hata leo watu wajifunza kwavyo. Upinde uliopotewa na habari zake ni kama mgeni asiyejua jina lake. Hata ukiwa mzuri, thamani yake imepungua.

Kwa hiyo shikeni haya. Usiusugue upinde wa zamani. Upanguse vumbi kwa kitambaa kikavu tu. Usiuvute, kwa maana mti mkavu huvunjika. Usiuweke juani wala mahali penye unyevu. Tena usiuze kabla hujawauliza wazee.

Mwalimu akamwambia yule mtoto, "Weusi ule hautarudi. Lakini nyanya yako angali hai. Chukua karatasi, uende."

Jioni ile mtoto akakaa karibu na nyanya yake. Akauliza: Nani aliuchonga? Ni mti gani? Babu aliwinda wapi? Nyanya akasema polepole, mtoto akaandika, hata ukurasa ukajaa. Kisha akaifunga karatasi katika upinde kwa uzi. Mchuuzi aliporudi mara ya tatu, nyanya akamwambia, "Sasa hatuuzi."

MASWALI
1. Kwa nini mwalimu alisema, "Umefuta maandishi"?
2. Mwaweza kutambuaje upinde uliopakwa masizi?
3. Kwa nini umri wa ugwe si lazima uwe umri wa mti?
4. Nyumbani kwenu kuna kitu gani cha zamani? Waulizeni wazee habari zake, mziandike.