Niger ni masikini, lakini ghala lake lina kufuli mbili

ZIARA za mafunzo za wakulima na maofisa kilimo wetu mara nyingi huelekezwa kwenye nchi zilizoendelea. Watu hupelekwa Israel au Uholanzi, wakaona nyumba za vioo na mitambo ya umwagiliaji, wakapiga picha na kurudi nyumbani kwenye jembe la mkono. Si vibaya kuona. Lakini mkulima wa ekari tatu wa Kondoa au Manyoni ana mengi zaidi ya kujifunza katika nchi iliyo masikini kuliko yake, kwa sababu huko mbinu isiyolingana na mfuko wa mtu wa chini hufa mapema.

Chukua mfano wa Niger. Kwa miaka mingi nchi hiyo ya Sahel imekuwa ikishika nafasi za mwisho katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya maendeleo ya binadamu. Mvua ni za msimu mmoja mfupi, na chakula kikuu ni uwele. Msafiri aliyepita barabara ya Niamey, Dosso hadi Maradi, kabla mapinduzi ya kijeshi ya Julai 2023 hayajazifanya safari za huko kuwa ngumu, angeweza kuona mchanga mtupu na kuhitimisha kuwa hakuna la kuiga. Angesimama katika baadhi ya vijiji angeonyeshwa kighala kidogo chenye mlango mmoja na kufuli mbili.

Ufunguo wa kufuli moja hukaa kwa chama cha wakulima, wa pili kwa taasisi iliyotoa mkopo. Hakuna anayeweza kufungua peke yake. Ndani kuna uwele, kunde, karanga au ufuta wa wanachama, uliowekwa baada ya mavuno kama dhamana. Mfumo huo, unaoitwa 'warrantage', ulianza kuenezwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Mkulima hupata mkopo ulio chini ya thamani ya mazao yake siku hiyo, kwa kawaida robo tatu au zaidi kidogo. Baada ya miezi minne hadi sita hulipa, akachukua mazao yake kuyauza au kuyala.

Fedha ile hailali. Wengine hununua kondoo dume na kuwanenepesha kwa ajili ya Idd el Hajj, wengine hulima bustani za kiangazi, na akina mama hukamua mafuta ya karanga.

Tanzania nayo ina stakabadhi ghalani. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2005, na korosho za Mtwara zikaingia katika mfumo huo msimu wa 2007/2008. Tofauti ni kwamba korosho lazima iuzwe. Huku Niger kinachofungiwa mara nyingi ni chakula chenyewe, kile ambacho mkulima wetu humuuzia mlanguzi Julai, tena kwa lumbesa, kisha akakinunua Februari kwa bei ya kukatisha tamaa.

Tuseme mkulima ana magunia 10 ya mahindi na bei ya mavuno ni Sh50,000. Akiuza yote anapata Sh500,000. Akiyafungia na kukopa asilimia 75, anapata Sh375,000. Kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, baada ya miezi mitano atadaiwa riba Sh37,500, pamoja na Sh10,000 za ghala. Gunia likifika Sh80,000, anauza kwa Sh800,000, na akishalipa kila kitu anabaki na Sh377,500 mkononi, juu ya ule mkopo alioutumia. Jumla ni Sh752,500, bila kuhesabu faida ya kondoo.

Lakini gunia likiishia Sh52,000, jumla yake ni Sh472,500. Amepoteza Sh27,500 kuliko yule aliyeuza mapema. Hili si jambo la kufikirika. Mwaka 2017 Serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje, bei ilianguka na walioweka akiba ndio walioumia. Kwa hiyo kabla ya kufunga kufuli, kikundi kiulize bei za Julai na Februari kwa miaka mitano iliyopita katika soko lake lenyewe, si la Dar es Salaam, na mkulima asifungie magunia yote. Mkopo nao uende kwenye biashara inayorudisha fedha ndani ya miezi mitano. Bati na harusi ni mambo mema, ila hayalipi riba.

Jingine ni wadudu. Dumuzi, yule ambaye vijijini wanamwita Scania, hajali kufuli. Mahindi yakaushwe vizuri, kwani punje yenye unyevu huoza hata kwenye ghala zuri. Kwa kunde, wakulima wa Niger walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutumia kwa wingi mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo sasa inauzwa hata hapa nchini. Ni ghali kuliko kiroba cha kawaida, lakini hutumika zaidi ya msimu mmoja iwapo haitatobolewa.

SACCOS au AMCOS inayotaka kujaribu haihitaji kujenga. Chumba kimoja kikavu cha kijiji kinatosha kwa msimu wa kwanza, pamoja na mizani iliyohakikiwa, daftari na kufuli mbili za maduka tofauti.