"Unakatizwa" na "Umekatizwa": Viambishi vya Hali na Kuanguka kwa Programu ya Mafaili

Miongoni mwa hitilafu zinazowasumbua watumiaji wa kompyuta, imo ile inayotokea mtu anapositisha utafutaji wa faili kabla haujakamilika: dirisha zima la programu ya kupangia mafaili hutoweka ghafla. Hitilafu za namna hii zimeripotiwa zaidi ya mara moja katika Nautilus, programu ya mafaili ya GNOME, ambayo toleo lake la 1.0 lilitolewa na kampuni ya Eazel ya Marekani mwezi Machi 2001. Makala haya yanakusudia kueleza chanzo chake, na kuonyesha kwamba viambishi vya hali vya Kiswahili vinakibainisha chanzo hicho barabara.

Programu ya mafaili hufanya kazi mbili kwa pamoja. Kwanza, huchora dirisha na kupokea amri za mtumiaji. Pili, hupekua makabrasha, moja baada ya jingine. Kila kazi hupewa uzi wake ili dirisha lisigande wakati upekuzi ukiendelea. Mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kusitisha, uzi wa dirisha hausimamishi ule wa upekuzi kwa nguvu. Huweka alama tu katika kumbukumbu ya kompyuta, nao uzi wa upekuzi huitazama alama hiyo kila umalizapo hatua fulani. Ndivyo usitishaji ulivyojengwa katika GIO, maktaba ya programu iliyotolewa rasmi ndani ya GLib mwaka 2008 na kutumiwa na GNOME: ni taarifa, si kizuizi.

Basi, kati ya kuwekwa kwa alama na kusimama kwa upekuzi kuna kitambo, aghalabu kifupi mno. Katika kitambo hicho utafutaji unakatizwa, lakini bado haujakatizwa. Kosa huzuka pale programu inapoichukulia hali ya -na- kana kwamba ni hali ya -me-. Orodha ya matokeo hufutwa na nafasi yake katika kumbukumbu huachiliwa, ilhali uzi wa upekuzi ungali njiani kuleta jina jingine. Ufikapo, hugusa nafasi isiyo yake tena, na mfumo wa uendeshaji huweza kuiua programu nzima. Tena, kwa kuwa urefu wa kitambo hicho hutegemea kasi ya diski na wingi wa mafaili, kosa huonekana leo lisionekane kesho, na kulisaka huwa kazi ngumu.

Mkazi wa Kapalata, mtaa wa Kisangani, hahitaji kwenda mbali kupata mfano. Katika maporomoko ya mto Kongo mjini humo, wavuvi wa Kigenia hupanda majukwaa ya miti ili kutega na kuinua mitego mikubwa ya kusuka. Anayemwita mvuvi arudi hana budi kungoja hadi akanyage nchi kavu, ndipo afungue kamba za jukwaa. Kuita si kufikiwa.

Tofauti hii yawahusu pia wafasiri wa programu. Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, imedhihirika kwamba Kiswahili chaweza kubeba lugha ya kompyuta. Hata hivyo, kutafuta istilahi hakutoshi. Hali ya kitenzi nayo sharti ichaguliwe. Kitufe kinapobonyezwa, ujumbe unaofaa ni "Utafutaji unakatizwa". "Umekatizwa" ungoje hadi uzi wa upekuzi uthibitishe kwamba umesimama.

Kwa watafiti wa fasihi simulizi, jambo hili si la nadharia tupu. Utafutaji husoma tu, hivyo kuanguka kwake hakuharibu faili lililokuwa likitafutwa. Lakini ikiwa programu iyo hiyo ilikuwa ikinakili sauti za masimulizi kutoka kinasa sauti, unakili nao hufa, na nakala huweza kubaki nusu huku jina lake likionekana kamili. Hapana budi, basi, mtafiti alinganishe ukubwa wa nakala na wa asili, na kuisikiliza hadi mwisho, kabla ya kufuta asili. Sauti ya msimulizi aliyekwisha kufariki hairekodiwi mara ya pili.