Dawa ya meno haiongezi ubora wa sauti ya CD

KYELA. Wapo wanaoamini kuwa CD ikisuguliwa kwa dawa ya meno, au ukingo wake ukipakwa wino wa kijani, muziki husikika vizuri zaidi. Sivyo.

CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, huhifadhi sauti kwa tarakimu zinazosomwa kwa mwanga wa leza, na mashine hurekebisha yenyewe makosa madogo. Dawa ya meno huweza kupunguza mkwaruzo ili CD isirukeruke, basi; wino hupotea bure.

Hatari kubwa iko upande wenye maandishi, ambako utando wa madini hukingwa na vanishi nyembamba tu. Ukichubuka, sauti iliyokuwapo hairudi. Kyela, wilaya yenye mvua nyingi kandokando ya Ziwa Nyasa, unyevu hupenya mchubuko huo na kuula utando. Mwenye CD pekee ya harusi au kwaya yafaa ainakili mapema.