Ubao Unapong'aa, wa Nyuma Haoni

Kabla ya kwenda fildi tunaandaa kila kitu: azimio la kazi, andalio la somo, zana. Kitu kimoja tunakikuta tu ukutani na wala hatukiulizi maswali, nacho ni ubao. Halafu yule mtoto wa dawati la nyuma anaazima daftari la mwenzake kila kipindi, na sisi tunasema hana umakini. Jamani, mara nyingine tatizo si mtoto, ni rangi.

Bao la keramu hupigwa vanishi na kunyunyiziwa poda ili kete ziteleze. Ubao wa darasani ni kinyume chake, unatakiwa ukwaruze. Chaki ni jasi au chokaa, na inaandika kwa kusagika. Ndiyo maana rangi halisi ya ubao huchanganywa na unga wa madini, ili ikikauka ibaki na vinundu vidogo sana. Vinundu hivyo vinaisaga chaki, na vilevile vinautawanya mwanga wa dirishani badala ya kuurudisha kama kioo. Vikilainika, unapata hasara mbili kwa mpigo: chaki inateleza na ubao unang'aa.

Sasa vinalainika vipi? Chaki peke yake ni laini mno. Kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kinachoanzia 1 hadi 10, jasi ni 2 tu. Lakini vumbi letu ni habari nyingine. Udongo wa Dodoma umetokana kwa sehemu kubwa na miamba ya graniti, yenye madini ya kwatzi, yale yanayometameta kwenye mchanga. Kwatzi ni 7. Wakati wa kiangazi, acha dirisha wazi mchana mmoja hapa Makole uone, jioni unaandika jina lako juu ya meza kwa kidole. Vumbi hilohilo linatua ubaoni na kwenye dasta. Mwalimu akifuta, kumbe anapiga msasa. Katikati, anapoandika na kufuta zaidi, ndipo panapotangulia kung'aa, na unga wa chaki unaziba vishimo vilivyobaki.

Chanzo cha pili ni rangi yenyewe. Bajeti ikibana, inanunuliwa rangi nyeusi ya mafuta, ile ya mageti. Hiyo inang'aa tangu siku ya kwanza. Ikipakwa kwenye plasta mbichi ndiyo balaa kabisa, kwa sababu simenti mpya ina alkali kali inayoyageuza mafuta ya rangi kuwa kitu kama sabuni, kisha rangi inabanduka. Plasta iachwe walau wiki 4 ikomae na kukauka.

Wazee walilijua hili kwa vitendo. Shule za vijijini zilisaga mkaa wa betri kuukuu, zikachanganya na majani yaliyotwangwa, zikapaka. Haukudumu, ila haukung'aa. Tusiurudie, maana betri zina kemikali zisizofaa kushikwa na watoto.

Kwa mwalimu wa mazoezi, haya yanawezekana:

Kaa mwenyewe kwenye dawati la nyuma, asubuhi na mchana, kushoto na kulia. Pale usipoweza kusoma, usiandike jambo la msingi.

Kung'uta dasta nje kila baada ya kipindi. Mara mojamoja pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo kwenye ubao uliopakwa rangi, kisha usubiri ukauke ndipo uandike.

Ubao ukipakwa upya na kukauka, lalisha chaki ubavuni, paka ubao wote, kisha futa. Unga unatangulia kwenye vishimo, na maandishi ya kwanza hayaachi kivuli.

Ubao uliokwisha kuchakaa, omba ruhusa kwa mkuu wa shule upigwe msasa laini, upanguswe vumbi, upakwe rangi ya ubao mara mbili, nyembambanyembamba. Rangi nzito mara moja hukauka vibaya na kupasuka.

Hayo yote ni kazi ya Jumamosi moja. Ukishayafanya na mtoto bado haandiki, hapo sasa kaa naye umuulize kuhusu macho yake, au nyumbani kwao. Ila anza na ukuta.