Yope na Kiswahili Ambacho Hakikuimbwa

Mwezi Septemba 2019 ilitoka Yope Remix, wimbo wa Innoss'B akishirikiana na Diamond Platnumz. Kwetu Kibabi, huko milimani Masisi, ulitufikia kama nyimbo nyingine zinavyotufikia, kutoka simu moja hadi nyingine. Mdogo wangu aliusikiliza mara mbili, kisha akaniuliza: "Yaya, huyu si mtoto wa Goma? Juu ya nini eko naimba Kilingala?" Wakati ule sikuwa na jibu la maana. Makala haya ni jaribio la kumjibu, kwa sababu swali lake ni la isimu kuliko alivyodhani.

Tuanze na namna wimbo wa lugha mbili unavyotengenezwa. Mara nyingi wasanii wawili hawaketi pamoja tangu mwanzo wakagawana lugha. Kwanza kunakuwa na wimbo uliokamilika, wenye lugha moja na wasikilizaji wake. Baadaye anaalikwa mgeni, anaachiwa nafasi ya ubeti mmoja au miwili, naye anaijaza kwa lugha yake. Kibwagizo hakiguswi, kwa kuwa ndicho watu wamekwisha kukishika. Despacito ulipita njia hiyo. Luis Fonsi na Daddy Yankee waliutoa Januari 2017 kwa Kihispania. Aprili mwaka huohuo Justin Bieber akaongeza ubeti wa Kiingereza, lakini kwenye kibwagizo ilimbidi aimbe Kihispania. Toleo hilo lilisaidia kuuweka wimbo kileleni mwa chati ya Billboard Hot 100 kwa wiki 16. Kwa hiyo tukitaka kujua lugha ipi ndiyo mwenyeji, tusihesabu maneno. Tutazame kibwagizo ni cha nani.

Katika Yope mwenyeji ni Kilingala. Jina lenyewe ni maneno mawili ya lugha hiyo yaliyoandikwa kama moja: yo ni "wewe", pe ni "pia". Innoss'B aliutoa kwanza peke yake, kisha Diamond akaja na ubeti wake wa Kiswahili cha Dar es Salaam. Hapo ndipo ajabu ilipo. Innoss'B, yaani Innocent Didace Balume, alizaliwa Goma mwaka 1997, katika mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, ya kanisani na ya michezo ya watoto. Hata hivyo, katika wimbo wake Kiswahili kimeletwa na mgeni kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Sababu si ngumu kuiona. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inataja lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, na kuziweka sawa. Mazoea hayakuziweka sawa. Kilingala kilibebwa na jeshi tangu enzi za ukoloni, kisha na muziki wa Kinshasa, mpaka masikio ya Afrika nzima yakazoea kwamba muziki wa Kongo ni Kilingala. Msanii wa Goma anayetaka kusikika Kinshasa anaingia kwa mlango huo. Akitaka kusikika Dar es Salaam na Nairobi, anamwalika mtu mwenye Kiswahili kinachojulikana huko. Kiswahili cha Goma hakina mlango katika masoko hayo mawili.

Lakini sikio la Kivu ndilo linalouelewa wimbo huu bila msaada mwingi. Chukua kiambishi cha ngeli ya watu. Kiswahili sanifu husema watu na wanakuja. Kilingala husema bato. Sisi husema batu na banakuja. Au chukua neno la Kilingala motema, yaani "moyo". Msikilizaji wa Dar es Salaam huenda likampita, ingawa mtima limo katika ushairi wa Kiswahili. Kwetu Masisi, aliyekua akisikia umutima katika Kinyarwanda hahitaji kamusi. Mitego pia ipo: moto katika Kilingala ni mtu, na anayesikiliza kwa Kiswahili pekee atadhani kuna kitu kinaungua.

Tazama pia swali la mdogo wangu. Eko naimba si makosa ya mtoto. Ni kauli yenye kanuni: niko naimba, uko naimba, eko naimba. Kiambishi cha nafsi kinakaa kwenye -ko, na na- haibadiliki. Kauli hiyo inaonyesha tendo linaloendelea sasa hivi, jambo ambalo anaimba ya Kiswahili sanifu inalibeba pamoja na maana nyingine. Niliwahi kukatwa alama shuleni kwa kuandika batu, na kwa miaka mingi niliamini kwamba kwetu tunazungumza Kiswahili kilichoharibika. Nilipofika kitivoni ndipo nilipojifunza kuiita lahaja.

Sidai kwamba Innoss'B ametukosea. Alichagua lugha ambazo zingeufikisha wimbo mbali, na ulifika mbali. Ninachosema ni kwamba wimbo wa lugha mbili hutuonyesha pia lugha ya tatu, ile iliyowawezesha wasikilizaji kuzielewa hizo mbili lakini haikupewa ubeti. Sisi wa kitivo hiki tunaandika tasnifu nyingi kuhusu kuchanganya msimbo katika muziki. Nashauri tuulize pia ni Kiswahili kipi kilichochanganywa, na kipi kilichoachwa mlangoni.

Likizo iliyopita nilimweleza mdogo wangu haya yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Sasa wewe ndiye uandike ya kwetu." Nimeanza na makala haya.